Paipu Niliyoibana Mwenyewe

Swali ninaloulizwa kuliko mengine yote ni hili: paipu ya AC ya gari huishi miaka mingapi? Huniuliza madereva wa masafa, wafanyabiashara wenye magari yaliyoshuka bandarini juzijuzi, na akina mama wa viti vya nyuma wanaojipepea kwa ncha ya mtandio. Zamani nilikuwa na jibu moja tu. Nilikuwa nikiwaambia, "Paipu niliyoibana mimi, gari litakufa liiache." Nilisema hivyo nikicheka, lakini nililiamini neno langu.

Kazi hii nimeirithi kwa baba. Yeye ni mtu wa Chovae, kisiwa kimoja cha Wabajuni, na kabla ya vita vya Somalia alikuwa akitengeneza mashine za boti hapa Kismayu. Mwaka wa tisini na moja alitupakia sote, mimi nikiwa sijaanza hata kutembea, tukateremkia Mombasa. Tulikaa kambini miaka kadhaa. Alipotoka kutafuta kazi alikuta mashine za boti zina mafundi wake tayari, wala hawakutaka kusogea. Iliyokosa watu ilikuwa AC za magari, kwa sababu gesi yake ikikupata mkononi hukuunguza kwa baridi, na mafundi wengi waliiogopa. Baba hakuiogopa. Akajifunza, na baada ya muda akawa na mashine yake mwenyewe ya kubania paipu.

Nilipomaliza shule, ndugu zangu wa kiume walikuwa wameshakwenda Ulaya, mmoja baada ya mwingine. Baba akabaki na mashine na mimi. Hakuniuliza kama nataka, na mimi sikumuuliza kama wanawake hufanya kazi ile. Alinipa koti la kazi lililonipwaya, akaniambia, "Mamangu, shika hapa," nikashika.

Somo la kwanza lilikuwa kukata paipu kuukuu na kuitazama ndani. Paipu ya AC si mpira mtupu. Ndani kabisa ina ngozi nyembamba ya plastiki inayoizuia gesi isipenye. Juu ya ngozi hiyo kuna mpira, juu ya mpira kuna uzi uliosukwa vizuri kama mkeka, na juu ya uzi kuna mpira wa nje, ule mweusi unaouona ukifungua boneti. Kila mwisho huingizwa kichwa cha alumini, halafu huvishwa kikuku cha bati, na mashine hukibana kikuku hicho mpaka mpira uuume ule mfereji wa kichwa usiachie tena.

Kisha baba alinionyesha jinsi inavyochoka. Kompresa, ambayo ndiyo inayosukuma gesi, imefungwa kwenye injini, na injini hutikisika wakati wote. Kondensa, ile sahani ya mbele inayopoza gesi, imefungwa kwenye bodi ya gari, nayo imetulia. Paipu iko katikati yao, moja inaivuta na nyingine inaishikilia, kila gari linapowashwa. Ongeza moto wa injini unaoukausha mpira, ongeza vumbi, ongeza mahali inaposugua chuma. Na gari likikaa miezi bila kuwashwa AC, mafuta yanayosafiri na gesi hayazunguki, mipira hukauka ikapasuka bila hata kufanya kazi. Ndiyo maana mpaka leo nawaambia watu, hata msimu wa baridi, washeni AC dakika chache kila wiki.

"Mchu hanywi gesi," baba alikuwa akisema, kwa namna yetu Wabajuni ya kutamka mtu. "Ikipungua, ina mahali ilikotokea. Tafuta mahali."

Mume wangu alipopata kazi bandarini Kismayu, nilirudi naye katika mji ambao sikuukumbuka hata kidogo. Baba alinipa mashine ile ya zamani, kwa kuwa yeye alikuwa ameshanunua nyingine. Tulikodi kibanda cha mabati kwenye mtaa wa mafundi, mume wangu akaibeba mashine begani kutoka kwenye gari mpaka mezani, na siku iliyofuata nikafungua kazi.

Jirani yangu wa upande wa pili wa barabara alikuwa fundi Msomali, mtu mzima, mnene, mwenye maneno ya kuchekesha. Yeye alikuwa akijaza gesi. Gari likija halina baridi, alijaza, likaondoka na baridi, na baada ya wiki mbili au tatu likarudi. Wateja walimpenda kwa sababu hawakukaa kwake zaidi ya nusu saa. Siku yangu ya kwanza alivuka barabara akasimama mlangoni pangu.

"Abaayo," akaniambia kwa Kisomali, yaani dada, "mumeo anajua uko hapa?"

"Anajua," nikamjibu. "Ndiye aliyenibebea mashine."

Akaitazama mashine, akaguna, akarudi kwake. Kwa miezi ya mwanzo wateja wangu walikuwa wale ambao gari lao limeshajazwa gesi kwake mara nne au tano na subira imewaisha. Niliwapata hao mmoja mmoja, na kila aliyekuja aliondoka na paipu mpya na hakurudi, isipokuwa kunisalimia. Nikaanza kujulikana. Nikaanza pia kulisema lile neno langu la gari kufa likaiacha paipu.

Ndipo akaja mama mkunga.

Alikuwa mama wa Kibajuni wa umri wa mama yangu, mkunga wa miaka mingi, mwenye gari la viti saba aliloliendesha mwenyewe. Wanawake wa Kudhaa, Chovae na visiwa vingine walikuwa na nambari yake. Mja mzito akipata shida huko, aliletwa kwa boti, na yeye humngoja pwani akampeleka hospitali, kisha akishajifungua na kupona humrudisha pwani apande boti ya kwenda kwao. Kiti cha katikati alikuwa amekiondoa akaweka godoro jembamba. Gari lilinuka dettol na udi.

"Mwanangu," akaniambia, "gari hili halipoi. Jirani yako amelijaza gesi tangu mwezi wa Ramadhani, na amechoka kulijaza kuliko mimi nilivyochoka kulileta. Naye ndiye aliyeniambia nije kwako."

Hilo lilinishangaza, nikamtazama jirani ng'ambo ya barabara. Alijifanya anafuta spana.

Nilifungua boneti. Paipu nene, ile inayorudisha gesi kwenye kompresa, ilikuwa imelowa mafuta karibu na kikuku cha chini, na vumbi limegandia juu ya mafuta. Huko ndiko gesi ilikotoka. Ilikuwa kazi rahisi. Nikaifungua paipu, nikavisaga vikuku, nikavitoa vichwa vya alumini ili nivivishe mpira mpya, kwa sababu vichwa vya umbo lile havikuwa vikipatikana Kismayu.

Nilipokisafisha kichwa cha chini kwa msasa niliona unga mweupe ndani ya mifereji, pale mpira unapouma. Nikaupangusa. Chini ya unga kulikuwa na vishimo vidogo, vitatu au vinne, kama uso wa mtu aliyepona ndui. Niliviona. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu baadaye ningeweza kusema sikuviona na hakuna ambaye angenipinga. Nilipitisha kucha juu yake, kucha ikakwama kidogo. Nikajiambia mpira mpya ni laini, utavijaza. Mama mkunga alikuwa akitazama saa, maana kulikuwa na boti iliyokuwa njiani. Nikabana.

Baridi ilipotoka, alifumba macho akaiacha impige usoni.

"Itakaa muda gani?" akauliza.

"Mama, gari litakufa liiache."

Haikupita hata miezi mitatu. Alirudi asubuhi moja, akaegesha mbele ya kibanda, akashuka bila haraka. Hakupandisha sauti. Alisalimia, akaketi kwenye tairi ninaloliweka kwa wageni, akanieleza.

Siku iliyotangulia alikuwa akimrudisha pwani mwanamke wa Kudhaa aliyejifungua kwa upasuaji siku nne kabla. Malori yalikuwa yameziba njia karibu na lango la bandari, hakuna kwenda mbele wala kurudi nyuma, na vumbi lilikuwa jingi hata hakuweza kufungua vioo. AC ikaanza kutoa hewa ya uvuguvugu, halafu hewa ya moto. Mwanamke akatapika. Kutapika na kidonda kibichi cha tumbo, alisema, ni kitu ambacho hamwombei mtu. Mtoto akawa mwekundu, akalia mpaka sauti ikakatika. Mkunga akalowesha leso kwa maji ya kunywa, akawa anampangusa mtoto huku mkono mmoja ukiwa kwenye honi, mpaka dereva mmoja wa lori akamwelewa akampisha.

"Wamefika salama?" nikauliza.

"Wamefika. Nimempigia leo alfajiri, kidonda hakikufunguka, mtoto ananyonya. Lakini mimi nilimwambia yule binti kabla hatujaondoka, usihofu, gari lina baridi. Nilimwambia kwa sababu wewe uliniambia."

Nikasema huenda ni kompresa, nikafungua boneti.

Naweza kukiri sasa kwamba nilitamani sana iwe kompresa. Niliikagua kwa zaidi ya saa nzima. Niliwasha, nikazima, nikafunga geji ya kupimia gesi, nikasikiliza. Kompresa ilikuwa nzima. Nikakagua kondensa, nzima. Nikakagua paipu nyembamba ambayo sikuwa nimeigusa, nzima. Kilichobaki nilikuwa nakijua tangu alipokaa kwenye tairi. Nikakoroga maji ya sabuni, nikatia gesi kidogo, nikapaka sabuni kwenye kikuku cha chini. Povu likaanza kupanda, punje moja, punje nyingine, taratibu.

Nilisimama nikafuta mikono.

"Mama," nikamwambia, "kosa ni langu. Kichwa hiki cha alumini kilikuwa kimeliwa na chumvi. Nilikiona siku ile na nikakifunika kwa mpira mpya."

"Uliona?"

"Niliona."

Kwenye mtaa wa mafundi maneno hayafichiki. Fundi wa betri alikuwa ameacha kazi, na jirani yangu alikuwa ameshavuka barabara, amesimama nyuma ya gari. Nilijua nilichokisema kingekuwa kimefika sokoni kabla ya adhuhuri. Lakini nitasema kweli, niliposema neno lile mabega yalinishuka, na nikaanza tena kufikiri kama fundi.

Nikampigia baba Mombasa. Nikamweleza yote, vishimo, unga, na boti iliyokuwa njiani.

"Gari hulala wapi?" akauliza.

Sikujua. Nikamuuliza mama mkunga. Gari lililala uani kwake, mbali na maji. Lakini maji ya bahari yakitoka, boti hazifiki gatini, husimama mbali. Mwanamke mwenye uchungu hatembezwi juu ya mchanga wenye maji, kwa hiyo yeye huliteremsha gari pwani mpaka kwenye ubavu wa boti. Magurudumu ya mbele hurusha maji ya chumvi juu, na paipu ile ilikuwa inaning'inia nyuma ya gurudumu kabisa.

Baba alisikia yote kwenye simu. "Basi hata ungebana kichwa kipya kingeliwa," akasema. "Tena kingeliwa upesi. Hukuuliza gari linakopita. Hayo ni makosa mawili, mamangu, si moja. La kwanza umelikiri. Na la pili?"

"Sikumuuliza," nikasema.

"Haya. Kata vile vichwa, tupa ile sehemu ya mifereji, tafuta mtu akuchomee alumini mpya. Kisha ipandishe paipu juu, ipite kando ya betri. Itakuwa ndefu zaidi, haidhuru. Nipigie ukimaliza."

Kuchomea alumini si kama kuchomea chuma. Ukizidisha moto inayeyuka mkononi mwako yote. Sikumjua mtu wa kazi hiyo Kismayu, na nilikuwa nimesimama nikifikiria nimwulize nani, jirani yangu akasema nyuma yangu:

"Yuko mmoja bandarini. Huchomea vipande vya mashine za boti. Ni mkali, hapokei mtu asiyemjua. Mimi ananijua."

Nikageuka. Nilingoja anicheke, na nilikuwa tayari kuchekwa.

"Kwa nini ulimleta mama huyu kwangu?" nikamuuliza.

"Kwa sababu kila akija alikuwa na mgonjwa ndani," akasema. "Mimi niliona gesi inakwisha, nikajaza. Wewe uliona vishimo, ukafunika. Sote tulitaka aondoke haraka. Twende zetu kabla yule mzee hajafunga kwa sala."

Kazi ilichukua siku mbili. Siku hizo mbili jirani alimpa mama mkunga gari lake mwenyewe, na akaniapia kwamba AC yake haijawahi kujazwa gesi tangu alinunue, jambo ambalo nilifikiri ni mzaha mpaka nilipolikagua nikaona ni kweli. Mzee wa bandarini alinichomea vichwa viwili, akavitazama kwa miwani yake, kimoja akakikataa mwenyewe akakirudia. Nilikata mpira mpya mrefu zaidi. Nikaupitisha juu, kando ya betri, nikaufunga kwa vishikizo vitatu usisugue chuma, na kila kishikizo nikakitia kipande cha tyubu ya baiskeli ndani. Nilipobana vikuku nilivipima upana wake kimoja kimoja. Kisha nikavuta hewa yote kwa pampu, nikaiacha geji usiku kucha, asubuhi mshale ulikuwa palepale. Ndipo nikatia gesi.

Mama mkunga alipokuja kuchukua gari hakuniuliza itakaa muda gani.

"Una kazi leo?" akasema.

"Inaweza kungoja."

"Basi panda."

Tulikwenda hospitali tukamchukua mwanamke wa Chovae na binti yake wa siku sita. Pamoja nao alikuwapo mama mkwe wake, mwanamke mkavu mwenye macho makali, aliyeniuliza ukoo wangu kabla hata mlango haujafungwa. Nilipomtajia babu yangu, alisema alikuwa akimjua, na kwamba alikuwa mtu wa kuchagua samaki kwa kiburi. Njia ya bandarini ilikuwa imeziba tena, na malori yalikuwa mengi kuliko kawaida. Tulisimama. Nilikuwa nimeweka kiganja mbele ya tundu la hewa kama mtu anayepima homa. Nilihesabu malori. Nilipofika lori la kumi na moja, mama mkwe akasema kutoka nyuma:

"Hebu punguzeni hiyo baridi. Mtoto ataumwa."

Mama mkunga alipunguza. Alinitazama kwa pembe ya jicho, na mdomo wake ukacheza kidogo. Tulipofika pwani maji yalikuwa yametoka. Akateremsha gari kwenye mchanga, nikasikia maji yakipiga chini ya sakafu, pwaa, pwaa, na sikuwa na wasiwasi. Tulimsaidia mzazi kupanda boti, mama mkwe akapokea mtoto, boti ya faiba ikageuka ikaondoka na mashine yake ikinguruma.

Tuliporudi garini, mama mkunga akasema, "Sasa niambie. Itakaa muda gani?"

"Sijui, mama," nikasema. "Kwa njia hii unayopita, sitaki kukudanganya. Lete gari kila baada ya miezi mitatu nilitazame, hata kama linapoa. Nitakwambia kabla halijakwambia lenyewe. Na kila ukitoka mchangani, lioshe chini kwa maji baridi, yasiyo na chumvi."

"Hilo naliweza," akasema.

Ameliweza. Ni mwaka wa nne sasa, na hukosa mara chache sana. Kuna wakati nilimwambia tubadilishe paipu ingawa ilikuwa bado inatoa baridi kali. Akauliza kwa nini. Nikaikunja mbele yake, akaona nyufa nyembamba kama nywele kwenye mpira wa nje, upande uliotazama injini. Akasema sawa, badilisha, akaenda zake kuswali. Sikulazimika kumshawishi.

Watu wa mtaani walizungumza, kama nilivyotarajia. Wiki chache kazi ilipungua, na nilisikia mara mbili tatu kwamba yule fundi mwanamke aliharibu gari la mkunga. Nilikuwa nikijibu, ndiyo, niliharibu, nikalitengeneza, nenda ukamuulize mwenyewe. Wengine walikwenda kumuuliza. Waliorudi walirudi na magari yao.

Jirani yangu bado anajaza gesi. Lakini siku hizi gari likirudi kwake mara ya pili, halijazi. Hulivusha barabara mwenyewe, analisukuma kwa mkono injini ikiwa imezimwa, na kuniambia, kwa neno la baba alilolichukua kwangu, "Abaayo, hili lina mahali." Mimi nikipata kazi ya alumini humpa yeye, kwa sababu mzee wa bandarini alimfundisha kuchomea baada ya kuona anakuja mara kwa mara, na sasa mkono wake ni mzuri. Mwezi uliopita alinitengenezea vichwa sita, nikavikagua kimoja kimoja juani, nikavirudisha viwili. Alilalamika kwa maneno marefu ya Kisomali kuhusu wanawake wa Kibajuni na macho yao, kisha akaenda kuvirudia.